Namba Tasa 2,147,483,647: Historia ya Namba Moja Kubwa kutoka kwa Euler hadi Mabibo

Utangulizi

Katika soko la Mabibo, mahali ambapo wakazi wengi wa Dar es Salaam hupaita Mahakama ya Ndizi, mkungu hukatwa chana, na pembeni yake nyanya, vitunguu na machungwa hutandazwa chini kwa mafungu. Muuzaji mwenye machungwa 24 anaweza kuyapanga mawili mawili, matatu matatu, manne manne, sita sita, manane manane au kumi na mawili kumi na mawili, na kila mara fungu la mwisho likalingana na la kwanza. Mwenye machungwa 23 hana njia hiyo. Akipanga mawili mawili hubaki moja. Matatu matatu hubaki mawili. Manne manne hubaki matatu. Matano matano hubaki matatu. Ama atayauza moja moja, ama yote kama fungu moja, ama atamenya moja ale, ili abaki na 22. Namba 23 ni namba tasa: namba nzima kubwa kuliko 1 ambayo haina vigawo isipokuwa 1 na yenyewe.

Makala haya yanafuatilia historia ya namba nyingine ya ukoo huo, 2,147,483,647, yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne, elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Kihisabati ni zao la 2 kujizidisha mara 31 kisha kupunguzwa 1. Ilithibitishwa kuwa tasa katika mji wa St. Petersburg mwaka 1772, na kwa miaka mingi haikupitwa na namba tasa yoyote iliyojulikana. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba historia hiyo haikomei Ulaya. Namba hii imefika Mabibo kwa njia ya mambo matatu ambayo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: kuundwa kwa istilahi za hisabati kwa Kiswahili, marufuku ya kompyuta ya mwaka 1974, na kuenea kwa simu ya mkononi.

Mabibo haikuchaguliwa kwa sababu kuna ugunduzi wowote wa namba uliofanyika hapo. Eneo hili, ambalo jina lake ni lile lile la tunda la mkorosho, lilikuwa sehemu ya Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya inayojitegemea. Jirani yake kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Ndani yake kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na zipo hosteli za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo katika eneo dogo wanakutana mtu anayehesabu kwa mafungu, mtoto anayejifunza vigawo kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa chuo anayesoma hisabati hiyo hiyo kwa Kiingereza. Ni mahali pafaapo kuuliza namba kubwa inamhusu nani.

Jina na mzigo wake

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania hukutana na namba tasa kwa Kiswahili, akiwa tayari anazijua namba shufwa na namba witiri. Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu, na kwa Mwislamu wa pwani yalizoeleka msikitini kabla ya kuandikwa ubaoni, kwa kuwa sala ya witri hukamilishwa kwa rakaa za idadi isiyogawanyika kwa mbili. Kisha huja vigawo na vigawe, Kigawe Kidogo cha Shirika na Kigawo Kikubwa cha Shirika, ambavyo watoto huvifupisha kuwa KDS na KKS na kuvitamka kama majina ya ndugu. Msamiati huu una mantiki: kigawo ndicho kinachogawa, kigawe ndicho kinachogawiwa. Kwa badiliko la irabu moja mwishoni, lugha imebeba uhusiano ambao katika lugha nyingine huhitaji maneno mawili yasiyofanana kabisa.

Msingi wa kitaasisi wa kazi hiyo unajulikana. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Kazi yake ikarithiwa na taasisi iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1964, iliyokuja kuitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, mwaka ule ule wa Elimu ya Kujitegemea, ambapo Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Kilichofuata ni kazi kubwa isiyo na sifa nyingi: kumpatia mwalimu wa darasa la tano neno la kila kitu kilichomo katika kitabu cha hisabati.

Neno tasa linastahili kutazamwa kwa karibu zaidi. Katika Kiswahili cha nyumbani tasa ni asiyezaa. Neno hili limewaumiza watu. Mwanamke ameitwa hivyo mbele ya wakwe zake, na ng'ombe akiitwa hivyo ameelekea machinjioni. Kulihamishia kwenye namba kulihitaji sitiari: namba isiyotoa vigawo kama ukoo usiotoa watoto. Sitiari hiyo ni sahihi ikiwa mtu anatazama ugawanyaji peke yake. Akigeuka upande wa kuzidisha, mambo hupinduka, kwa kuwa kila namba nzima kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la namba tasa, na kwa namna moja tu. Namba 24 ni 2 × 2 × 2 × 3, na hakuna mchanganyiko mwingine wa namba tasa utakaoizaa. Namba zilizoitwa tasa ndizo mama wa namba nyingine zote. Waarabu, kama Wagiriki kabla yao, walizitazama kutoka upande huo, wakaziita namba za mwanzo.

Si hivyo tu. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Euclid alionesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake ni fupi: chukua namba tasa zote unazozijua, zizidishe, ongeza 1, namba inayopatikana haigawanyiki kwa yoyote kati ya zile ulizoanza nazo, hivyo lazima iwe na kigawo tasa kipya. Wapo wanaoifundisha hoja hii kana kwamba namba inayopatikana yenyewe ni tasa daima, na hilo ni kosa. Zao la 2, 3, 5, 7, 11 na 13 likiongezwa 1 ni 30,031, ambayo si tasa; ni 59 × 509. Lakini 59 na 509 zote ni tasa na zote ni mpya. Ukoo unaoitwa tasa hauishi kuzaliana.

Je, neno libadilishwe? Haielekei kwamba kufanya hivyo kungekuwa na faida. Vizazi vya wanafunzi tangu miaka ya 1970 vimelizoea, na istilahi iliyoshika mizizi ina thamani kuliko istilahi nzuri isiyojulikana. Tatizo kubwa zaidi liko mbele ya neno hilo, katika mlango wa kidato cha kwanza. Hapo mwanafunzi aliyezijua namba tasa kwa miaka kadhaa huambiwa jina jipya kwa Kiingereza, na pamoja nalo majina mapya ya kigawo, kigawe, baki, kipeo na kipeuo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitoa nafasi kwa Kiswahili katika ngazi zote za elimu. Darasani, hisabati ya sekondari imeendelea kwa Kiingereza. Kamusi sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilihusu biolojia, fizikia na kemia. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kueleza 23 ni nini, lakini mtu akitaka kueleza namna Euler alivyoithibitisha 2,147,483,647 hulazimika kujipangia maneno mwenyewe. Sehemu zinazofuata zinafanya hivyo, na msomaji anaweza kupima kama lugha imeshindwa.

Kabla ya vitabu

Mara nyingi historia ya namba tasa katika ukanda huu huanzishwa Ishango, kwenye ufuko wa Ziwa Edward mashariki mwa Kongo. Hapo mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, ambao sasa umehifadhiwa Brussels na hukadiriwa kuwa na umri wa takribani miaka 20,000. Safu moja ya mfupa huo ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19, ambazo ni namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20. Ni ushahidi unaovutia, na kwa Mwafrika unavutia zaidi. Hata hivyo hauwezi kubeba yote unayobebeshwa. Kuzijua namba tasa ni kuijua dhana ya kugawanya bila baki, na safu nyingine za mfupa huo, zenye makundi kama 9 na 21, hazifuati mpangilio huo. Mfupa unaonesha kwamba watu walihesabu na kuweka kumbukumbu. Kudai zaidi ya hapo ni kuutia maneno mdomoni.

Ushahidi wa biashara ya pwani ni mnyenyekevu zaidi lakini una nguvu. Vipimo vilivyotumika sokoni ni vya namba zinazogawanyika kwa urahisi: dazeni ni 12, korija ni 20, pishi ni vibaba vinne. Hakuna mfanyabiashara aliyeunda kipimo cha 11 au 13. Mtu anayenunua korija ya kanga anaweza kuigawa nusu, robo au sehemu ya tano bila ugomvi. Sifa ya namba tasa ilijulikana sokoni kama kero: namba inayokataa kugawana. Kero hiyo ndiyo iliyokuja kuwa manufaa yake.

St. Petersburg, 1772

Namba za umbo la 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1 hubeba jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 alitaja vipeo ambavyo aliamini hutoa namba tasa. Ili namba hiyo iwe tasa, kipeo chenyewe lazima kiwe tasa. Lakini hilo halitoshi. Kipeo 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 × 89. Katika orodha ya Mersenne kipeo 31 kilikuwamo, lakini kilikuwamo pia 67, ambacho kilikuja kuonekana ni kosa: mwaka 1903 Frank Nelson Cole alionesha kwamba namba yake ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Mersenne hakuwa na uthibitisho wa 31. Alipatia.

Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, aliyeeleza matokeo hayo kwa barua mwaka 1772. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa, akifanya hesabu kichwani na kuwasomea wasaidizi wake. Kazi iliyokuwa mbele yake inaweza kuelezwa kwa lugha ya machungwa ya Mabibo. Ili kujua kama namba ni tasa, mtu hujaribu kuipanga kwa mafungu ya kila ukubwa hadi afike kwenye kipeuo chake cha pili; akivuka hapo bila kufanikiwa, hakuna haja ya kuendelea, kwa kuwa fungu kubwa kuliko kipeuo lingelazimu idadi ya mafungu iwe ndogo kuliko kipeuo, na hiyo ingekwisha kujaribiwa. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 kiko kati ya 46,340 na 46,341. Kwa hiyo, kwa njia ya kawaida, kuna zaidi ya vigawo 46,000 vya kujaribu.

Euler hakuvijaribu vyote. Kutokana na kazi ya Fermat ya mwaka 1640 ilijulikana kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikipunguzwa 1, lazima kigawanyike kwa 31; na kwa kuwa kigawo chenyewe ni witiri, lazima kigawanyike kwa 62. Euler akaongeza sharti la pili: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Masharti haya mawili yakiunganishwa, kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Kuanzia mwanzo hadi 46,340 namba zinazobakiza 1, ukiiacha 1 yenyewe, ni 186, na zinazobakiza 63 ni 187. Jumla ni 373. Na hata kati ya hizo nyingi zinajiondoa zenyewe: 63 ni 7 × 9, 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa kweli ni 311, na hapo baki ni 35. Kazi ya vigawo 46,000 ikawa kazi ambayo mtu mvumilivu, hata asiyeona, anaweza kuimaliza.

Jambo hili lina uzito katika historia kwa sababu linaonesha mahali ambapo ukuu wa namba hii ulikuwa. Si urefu wake, kwa maana tarakimu kumi si nyingi. Ni kwamba mtu aliweza kuwa na hakika juu ya namba ambayo hakuna binadamu angeweza kuihesabu hadi mwisho: kwa kuhesabu moja kila sekunde bila kulala ingehitajika miaka 68.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba kamilifu inayotokana na namba hii huenda ikabaki kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa mambo haya ni ya kustaajabisha tu, hayana manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine zaidi. Alikosea mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionesha njia ya kuthibitisha namba ya kipeo 127, yenye tarakimu 39. Oktoba 2024 Luke Durant alipata namba tasa ya kipeo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Mtu akiisoma tarakimu moja kila sekunde atamaliza baada ya siku 474 na ushei. Kosa la pili la Barlow, lile la kusema hakuna manufaa, linahusu zaidi Mabibo.

Mwaka 1974

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuziendesha hesabu za serikali kwa mashine kuleta hasara na mkanganyiko. Marufuku hiyo imeelezwa mara nyingi kama woga wa maendeleo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Nchi ilikuwa na fedha chache za kigeni, mashine zilihitaji wataalamu kutoka nje, na makosa yake yalilipwa na wananchi ambao hawakuwahi kuziona. Marufuku yalikuwa na gharama, na gharama hiyo ilikuja kuonekana miaka ya 1980, yalipolegezwa kidogo kidogo huku wataalamu wa ndani wakiwa wachache. Lakini haikuwa uamuzi wa wajinga.

Kinachosahaulika ni kwamba mwaka huo huo wa 1974 Azimio la Musoma liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, mpango uliofikia utekelezaji wa nchi nzima mwaka 1977. Kwa hiyo katika kipindi kile kile ambacho mashine ya kuhesabu ilizuiwa bandarini, hisabati kwa Kiswahili, pamoja na namba tasa ndani yake, ilifika kwa watoto wengi kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Na mwaka huo huo wa 1977, huko Massachusetts, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kufunga siri kwa kutumia namba tasa kubwa mbili. Njia hiyo inategemea kero ile ile ya soko: ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili zenye mamia ya tarakimu, lakini aliyepewa zao peke yake hana njia ya haraka inayojulikana ya kurudi kwenye vigawo. Namba inayokataa kugawana ikawa kufuli.

Matukio haya hayakusababishana. Mwalimu wa Mabibo wa mwaka 1977 hakuwa na sababu ya kujua kilichotokea Marekani. Lakini yakiwekwa pamoja yanatoa picha tofauti na ile ya nchi iliyobaki nyuma tu. Nchi ilisambaza dhana na kuzuia mashine. Mashine ilipofika, dhana ilikuwa tayari imeshapewa jina.

Bao na biti

Kwa nini 2,147,483,647 ndiyo ikawa namba ya mashine? Maelezo rahisi yanaweza kupatikana kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Tuchukulie kwamba kila shimo linaruhusiwa kuwa na kete moja au kuwa tupu. Shimo la kwanza likiwa na kete lina thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, na kuendelea kwa kuongezeka maradufu. Shimo la 31 lina thamani ya 1,073,741,824. Shimo la 32 limetengwa kwa ajili ya kuonesha hasi. Mashimo 31 yakijaa yote, jumla ni 2,147,483,647. Hakuna namba chanya kubwa zaidi ya hiyo inayoweza kuandikwa kwenye bao hilo. Ukiongeza kete moja, shimo la kwanza limejaa, hivyo kete husukumwa la pili, ambalo nalo limejaa, na hivyo hivyo hadi shimo la 32, lile la hasi. Mashimo 31 yanabaki matupu na namba inageuka kuwa hasi 2,147,483,648. Kompyuta nyingi za miongo iliyopita zilihesabu kwa bao la namna hii, la biti 32.

Ni sadfa kwamba mpaka huo ni namba tasa. Mpaka wa biti 16 ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151, na mpaka wa biti 64 unagawanyika kwa 7. Lakini sadfa hii ilitumika. Kuanzia mwaka 1969 wanahisabati walioshughulikia uigaji wa matukio ya kubahatisha walitumia utaratibu ufuatao: chukua namba yoyote kuanzia 1, izidishe kwa 16,807, yaani 7 kwa kipeo cha 5, kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa 2,147,483,647. Rudia. Kwa sababu kigawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vema, utaratibu huu hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi ilikoanzia. Idadi hiyo, jirani wa chini wa namba yetu, haifanani naye hata kidogo: ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, na ina vigawo 192. Jirani wa juu ni 2 tupu, zikizidishwa mara 31. Kati ya majirani wawili wanaogawanyika hivyo amekaa mmoja asiyegawanyika, na vizalishi vya aina hiyo vimetumika duniani kuigia foleni, zikiwamo foleni za magari kama zile zinazoonekana kila jioni kwenye Barabara ya Mandela.

Mpaka huu ulikuwa pia mpaka wa fedha. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7.14. Programu ya hesabu iliyokomea shilingi 2,147,483,647 ingeweza wakati huo kubeba dola milioni 300. Leo kiasi hicho hakifiki dola milioni moja, na mfanyabiashara wa jumla wa kawaida anaweza kukivuka kwa mauzo yake. Namba haikusogea, shilingi ndiyo iliyosogea.

Mabibo na mwaka 2038

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Tanzania mwaka 2008, na baada yake zikaja simu janja. Tangu mwaka 2016 ujumbe wote wa WhatsApp hufungwa kuanzia simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na hesabu ya kufunga huko hufanyika kwa kutumia namba tasa moja inayojulikana: 2 kwa kipeo cha 255 ukitoa 19, yenye tarakimu 77. Muuzaji wa ndizi wa Mabibo anayeagiza mzigo kutoka Tukuyu au Bukoba kwa ujumbe huo anaitumia kila siku bila kuiona. Machungwa 23 yalimtia hasara ndogo; ndugu yao mkubwa humlindia bei yake isisomwe na mshindani. Mwanawe, aliye darasa la sita mitaa miwili kutoka sokoni, ameshafundishwa namba tasa ni nini. Hakuna kitabu kinachomwambia kwamba ndizo zilizomo katika simu ya mama yake, na atakapofikia umri wa kuelezwa jinsi kufuli hilo linavyofanya kazi ataelezwa kwa lugha nyingine, kwa jina jingine.

Namba ya Euler nayo ina miadi na Mabibo. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia. Mifumo ya zamani huandika hesabu hiyo kwenye bao la biti 32. Simu mpya na kompyuta mpya zimeshahamia biti 64, na kwa hizo hakuna hatari. Wasiwasi uko kwenye vifaa vinavyofungwa na kusahauliwa: mita, mashine za malipo, vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi, mitambo iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika kwingine. Nchi inayopokea vifaa vilivyotumika huurithi mpaka wa vifaa hivyo pamoja navyo, na hili halijaandikwa vya kutosha katika mijadala ya TEHAMA tangu sera ya kwanza ya mwaka 2003.

Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa majira ya Afrika Mashariki. Saa hiyo malori ya ndizi huwa yameshashusha, na wanafunzi wa hosteli wako njiani kutafuta daladala. Sekunde moja baadaye, kifaa chochote cha biti 32 ambacho hakikurekebishwa kitasoma kwamba ni usiku wa tarehe 13 Desemba 1901, saa 5, dakika 45 na sekunde 52, wakati Dar es Salaam ilipokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani na vita vya Maji Maji vilikuwa bado miaka minne mbele.